Msaidizi wa eksirei analipwa ngapi, na kwa nini wawili wa chumba kimoja wanapishana mshahara?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Uyole Mbeya. Nina mwaka sasa nafanya kazi kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi huku Mwanjelwa, chumba cha eksirei. Napokea wagonjwa, nawaandaa, nabeba kaseti, naingiza majina kwenye kompyuta, na siku ambazo mtaalamu hayupo bosi ananiambia nipige tu mwenyewe. Nalipwa 250,000 mkononi, hamna slipu wala mkataba. Mtandaoni nimesoma kwamba msaidizi wa radiolojia Marekani anapata mpaka dola laki moja kwa mwaka. Je hapa kwetu anatakiwa alipwe ngapi na nini kinafanya mshahara upande? Fomu foo nilipata C ya baiolojia, D ya kemia, D ya fizikia, C ya Kiswahili na D mbili nyingine.

JIBU: Marahaba mwanangu, ugonile. Salamu kutoka Iringa, huku baridi imetukalia vibaya ila tunaenda. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ndani yake kuna maswali kama manne, na lile ambalo hujaliuliza, la kupiga picha mwenyewe mtaalamu akiwa hayupo, ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Nitalifikia.

Nianze na hizo dola laki moja maana ndizo zinazowavuruga vijana wengi. Huyo mtu uliyemsoma sio wewe na wala sio mimi. Kule Marekani kuna kada ya msaidizi wa daktari bingwa wa radiolojia, cheti chake kinatolewa na bodi inaitwa ARRT na wameanza kukitoa 2005. Ili ukipate inabidi kwanza uwe mpiga picha uliyesajiliwa, uwe umefanya kazi hiyo, halafu urudi chuo tena usome kozi nzito ya kiwango cha juu, ndio unaruhusiwa kufanya baadhi ya vipimo chini ya usimamizi wa daktari. Na hata hapo ripoti ya mwisho haandiki yeye, anaandika daktari. Sasa mtu mwenye shule ya namna hiyo akilipwa vizuri hakuna cha kushangaa. Chini yake yupo mpiga picha wa kawaida, ambaye takwimu za idara yao ya kazi za Mei 2024 zinaonyesha yule wa katikati kabisa anapata dola 77,660 kwa mwaka, na wa mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku, dola 88,180. Umeona hapo? Wote ni watu wa picha, wote wana vyeti, ila aliyejiongeza akakaa kwenye mashine ngumu zaidi kampita mwenzake kwa zaidi ya dola elfu kumi. Hilo likumbuke maana hata huku Mwanjelwa linafanya kazi hivyo hivyo, tofauti ni sifuri tu.

Anayefanana na wewe kikazi yupo Uingereza. Hospitali zao za serikali zina wasaidizi wa chumba cha picha, wanawapanga kwenye ngazi ya 2 na 3, halafu yupo msaidizi aliyesomea kidogo ngazi ya 4, halafu mpiga picha mwenyewe anaanzia ngazi ya 5. Kwa mwaka 2025/26 upande wa England ngazi ya 4 ilianzia pauni 27,485 na ngazi ya 5 pauni 31,049. Mwanzoni gepu linaonekana dogo, ila wa ngazi ya 5 ana usajili wa taaluma na ngazi zinaendelea kupanda mbele yake, wa ngazi ya 4 anafika mahali anagonga dari.

Haya turudi nyumbani.

Kwa hapa kwetu ukiingia chumba cha eksirei cha hospitali ya wilaya unaweza kukuta watu watatu wamevaa koti jeupe lile lile, mgonjwa anawaita wote dokta, na mishahara yao haifanani hata kidogo. Wa kwanza ni mhudumu au msaidizi wa afya, huyu ndiye anayepanga foleni, anavua watu mikufu, anasukuma machela. Wa pili ni mteknolojia wa radiolojia wa diploma, na wa tatu anaweza kuwa mteknolojia wa digrii. Serikalini wote hao wanalipwa kwa ngazi za TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, na matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni utaona msaidizi wa afya anawekwa TGHS A, mteknolojia daraja la II wa diploma anawekwa TGHS B, wa digrii anaingia juu ya hapo. Kwa hiyo serikalini hakuna kitu kinaitwa mshahara wa chumba cha eksirei. Kuna mshahara wa kada yako na daraja lako, basi. Ukiwa mhudumu utapelekwa eksirei leo, kesho wodi ya wazazi, keshokutwa mapokezi, na mshahara hauongezeki hata shilingi kwa sababu ulikuwa karibu na mashine.

Na hapa niseme kitu ambacho vijana hawakioni. Zamani enzi za filamu msaidizi wa chumba cha giza alikuwa mtu muhimu kweli kweli, yeye ndiye aliyejua dawa ya kusafishia picha imechoka au bado, yeye ndiye aliyejua picha iwekwe dakika ngapi kwenye maji, mkono wake ukikosea picha inatoka nyeusi kama masizi na mgonjwa anarudiwa. Watu wale walikuwa na heshima na posho zao. Zikaja mashine za kidijitali, kaseti inaingia kwenye kisomeo, picha inatokea kwenye skrini kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati, na ule ujuzi wa chumba cha giza ukakosa soko ndani ya muda mfupi. Walioshikilia ujuzi bila cheti walirudi kuwa wahudumu wa kawaida. Waliokwenda shule mapema wako kwenye siti skani sasa hivi. Nawe hiyo kubeba kaseti na kuingiza majina, mashine za sasa zenye bapa linalotuma picha moja kwa moja hazina kaseti ya kubeba, kwa hiyo bosi wako akibadilisha mashine tu nusu ya kazi yako imekwisha.

Kuhusu kiasi serikalini, kima cha chini kwa mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, Rais alitangaza Mei Mosi ya mwaka huo kule Singida. Hiyo ndiyo sakafu, mtu wa diploma yuko juu ya hapo. Ila usidanganyike na namba ya juu kwenye slipu, angalia ya chini. Nikupe hesabu kwa mshahara wa mfano, tuseme 800,000, sio kwamba ndio kiwango cha serikali, nimeichagua kwa sababu inagawanyika vizuri. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, hiyo ni 40,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 inayobaki: 270,000 ya kwanza haina kodi, inayofuata mpaka 520,000 ni asilimia 8 yaani 20,000, na ile 240,000 ya juu yake ni asilimia 20 yaani 48,000, jumla kodi 68,000. Bima ya NHIF asilimia 3, 24,000. Chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, kwa kawaida asilimia 2, weka 16,000. Hapo mkononi unabaki na 652,000. Sasa kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, asilimia 15 ya mshahara inaondoka, 120,000, unabaki na 532,000. Na siku hizi bodi inakopesha mpaka wa diploma za afya kwa hiyo usiseme hayo ni ya watu wa chuo kikuu. Halafu ndio waje watu wa mabenki na mikopo yao, kuna utaratibu kwamba makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara, na watumishi wengi ninaowajua wanaishi kwenye hiyo theluthi.

Ndio maana ukikutana na mteknolojia wa miaka kumi kazini na yule aliyeanza juzi unaweza kukuta aliyeanza juzi ana hela mkononi zaidi. Sio mshahara, ni makato.

Kinachopandisha serikalini ni vitu vichache na vyote vinaenda polepole. Kuna nyongeza ya kila mwaka, kidogo. Kuna kupandishwa daraja, kutoka la II kwenda la I na kuendelea, hapo ndipo mtu anaona tofauti, lakini inategemea utendaji wako, bajeti na nafasi kwenye ikama ya halmashauri, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila kada. Kuna kujiendeleza na kubadilishiwa kada, ila hapa watu wanaumia sana: mtu anaenda kusoma bila ruhusa ya mwajiri, anarudi na digrii yake nzuri, anaambiwa kwenye ikama hakuna nafasi hiyo subiri, anasubiri miaka na digrii iko kabatini huku analipwa kama wa diploma. Kabla hujaenda kusoma ukiwa mtumishi, barua ya ruhusa kwanza na mpango wa mafunzo wa ofisi uwe na jina lako.

Na kuna posho. Oncall, yaani kuitwa kazini nje ya zamu, na masaa ya ziada, hizo zinalipwa na kituo na nyingi zinatoka kwenye mapato ya ndani ya hospitali, sasa hospitali yenye mapato mazuri inalipa kwa wakati, hospitali ambayo wagonjwa wengi ni wa msamaha na bima inachelewa inakusanya madeni. Hospitali za rufaa za mikoa zilipata siti skani kuanzia zile fedha za UVIKO za 2021, na siti skani ikishafungwa inataka mtu usiku, maana ajali za barabara kuu ya kwenda Tunduma haziangalii saa. Wewe wa Mbeya huhitaji kuelezwa kuhusu Mlima Nyoka na Inyala, sisi tuna Kitonga yetu. Lori likianguka saa nane usiku mtu wa picha anaamshwa, na anayeamshwa mara nyingi anapata posho zaidi ya yule aliyeko kituo cha afya kinachofunga chumba cha eksirei saa tisa na nusu mchana. Bodaboda nazo, Mungu atusamehe, zimetuletea kazi nyingi za mifupa.

Sasa upande wa binafsi ambao ndio wako. Huko hakuna TGHS, huko kuna biashara ya mwenye kituo, na ukiielewa hesabu yake utaelewa kwa nini anakulipa anavyokulipa, na pia utajua wapi unaweza kumbana. Chukua kituo chenye eksirei moja, tuseme wanapiga picha 8 kwa siku kwa 20,000, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 4,160,000. Kubwa kwa macho eeh? Toa umeme, toa fundi wa mashine ambaye mara nyingi anatoka Dar na anataka nauli na malazi, toa kibali cha TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomu, na zile beji za kupimia mionzi, toa daktari anayesoma picha, wengi siku hizi wanatumiwa kwa simu na wanalipwa kwa kila picha, toa pango, toa mteknolojia mwenyewe. Na kama nusu ya hao wagonjwa ni wa bima basi hiyo hela imeandikwa tu haijaingia. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa wewe na wahudumu wengine, na wewe uko mwisho wa foleni kwa sababu kisheria chumba kinaweza kufungwa mteknolojia asipokuwepo lakini hakiwezi kufungwa wewe usipokuwepo. Inauma ila ndio ilivyo. Mshahara sekta binafsi unafuata nani ambaye bila yeye mashine hairuhusiwi kuwaka.

Ndio maana mteknolojia anayejua ultrasaundi vizuri, sio kubahatisha, anaweza kuzungusha vituo viwili vitatu pale Kabwe, Soweto na Mwanjelwa, anashika zamu huku, analipwa kwa kichwa kule, na mwisho wa mwezi kampita mtumishi wa serikali mwenye daraja. Ila mwezi wa mvua wagonjwa wakipungua naye anapungua, na akiugua hakuna anayemlipa. Mimi binafsi kwa kijana asiye na familia namwambia ajira ya kudumu iwe mguu mmoja, zamu za nje mguu wa pili, kama mwajiri anaruhusu.

Hospitali za kanisa ni habari nyingine na kwa Nyanda za Juu Kusini huwezi kuziruka, maana ndizo zilizotulea. Ikonda kule Makete, Ilembula, Tosamaganga hapa jirani yangu, Igogwe Rungwe, Mbozi Mission. Baadhi ni hospitali teule, yaani zina makubaliano na serikali, sasa pale unakuta mteknolojia analipwa na halmashauri na mwenzake analipwa na dayosisi, wanapokezana mashine moja na mishahara tofauti, na vikao vya chai vinakuwa na manung'uniko yasiyoisha. Mshahara wa dayosisi mara nyingi uko chini kidogo lakini usiangalie namba peke yake. Uliza nyumba. Uliza umeme na maji nani analipa. Uliza kama wanasomesha. Mtu wa Ikonda mwenye nyumba ya hospitali, viazi anavyonunua gunia kwa bei ya shamba na hana pa kupotezea hela jioni, anaweza kuweka akiba kuliko wa Mbeya mjini mwenye mshahara mkubwa na pango la Sae na nauli ya bajaji kila siku. Baridi tu uwe nayo tayari, Makete sio mchezo. Na hospitali kama ile inayopokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, kazi unayoiona kwa mwaka mmoja kwingine ungeiona kwa miaka, na uzoefu huo ndio unaouza kwenye intavyuu.

Nikikaa kwenye mashine kidogo: eksirei ya kawaida ndiyo inayolipa kidogo kwa sababu watu wanaoiweza ni wengi. Ultrasaundi inafuata, hasa ya akina mama wajawazito. Siti skani na MRI wanaoziweza ni wachache huku kwetu, na hospitali ikishanunua mashine ya mabilioni haitaki ikae imezimwa kwa kukosa mtu. Chunya nako kwenye dhahabu kuna soko lake, wachimbaji wanapimwa vifua, kifua kikuu na vumbi la mawe, vituo vya Makongolosi vinatafuta watu. Tunduma vile vile, mpaka haulali.

Sasa nirudi kwenye lile la bosi kukuambia upige mwenyewe.

Mwanangu, usipige. Najua unajua kubonyeza, umeangalia mwaka mzima, unajua kusema vuta pumzi, shikilia, usitikisike. Lakini kubonyeza ni sehemu ndogo. Siku moja ataletwa mama anaumwa tumbo, hujamuuliza hedhi yake ya mwisho lini, umempiga kiunoni, kumbe ana mimba ya wiki sita. Au utaweka alama ya kulia upande wa kushoto, daktari afunge mkono ambao haujavunjika. Au utapiga picha imeungua, urudie, urudie tena, mtoto wa miaka mitatu amekula mionzi mara tatu kwa picha moja. Kazi hii ina sheria yake, Sheria ya Wataalamu wa Radiolojia ya 2007, na baraza lake ndilo MRIPC. Asiyesajiliwa haruhusiwi kupiga picha. Mashine yenyewe iko chini ya TAEC. Wakija wakaguzi siku hiyo bosi atasema yule binti alijifanyia mwenyewe mimi sikuwepo, na huna mkataba wa kuonyesha kazi yako ilikuwa nini. Halafu sikiliza na hili la hela kwa kuwa ndilo uliloniuliza: kila siku unayopiga bila usajili bosi anaokoa gharama ya mteknolojia wa zamu na wewe unabaki na 250,000 ile ile. Unabeba hatari ya mtu wa diploma kwa malipo ya mhudumu. Akikuambia tena, mwambie kwa adabu, bosi mimi nitampokea mgonjwa na kumwandaa, tumpigie mtaalamu simu aje au tumpangie mgonjwa saa ya kurudi. Akikasirika ni afadhali.

Na hapo hapo jiangalie shingoni. Una beji ya mionzi? Ile ndogo ya plastiki inayovaliwa kifuani, yenye jina lako sio la mtu aliyeacha kazi. Kwa kawaida inabadilishwa kila baada ya miezi mitatu na kupelekwa kusomwa. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake cha kimataifa ni wastani wa milisivati 20 (hicho ni kipimo cha mionzi) kwa mwaka, na chumba kilichojengwa vizuri ukisimama nyuma ya kinga hufiki hata karibu ya hapo. Lakini ukiwa wewe ndiye unayeshikilia watoto wasitikisike, bila aproni yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, kila siku, bila beji, hakuna atakayejua umekula kiasi gani. Mtoto ashikwe na mzazi wake aliyevaa aproni, tena mzazi asiye mjamzito, sio wewe kila mara. Hii nayo ni sehemu ya mshahara, kwa sababu fidia ya ugonjwa wa kazini inataka kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ni hiyo beji.

Kwenye hiyo 250,000 yako. Kwanza, kwa mshahara huo hutakiwi kukatwa kodi kabisa kwa sababu haujafika 270,000, kwa hiyo akikuambia amekukata kodi ya serikali muulize inaenda wapi. Pili, NSSF. Jumla ni asilimia 20, yeye hatakiwi kukukata zaidi ya 10, yaani 25,000, na yeye anaongeza 25,000 au zaidi. Kwa mwaka ulioshafanya hiyo ni 600,000 ambayo ingekuwa na jina lako, na ndiyo inayoleta hata mafao ya uzazi ukija kuzaa. Nenda ofisi ya NSSF ukaulize kama umeandikishwa, wala usimwambie mtu. Tatu, sekta binafsi ina Amri ya Mshahara, mpya imeanza Januari 2026, ina jedwali la kila sekta na afya imo; ofisi ya afisa kazi Mbeya watakuonyesha mstari wako na utalinganisha mwenyewe. Nne, maelezo ya ajira kwa maandishi ni haki yako kwa sheria ya 2004, na sheria hiyo hiyo inasema masaa 45 kwa wiki, ya ziada yanalipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili, likizo siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Uhesabu Jumamosi zako zote halafu uone.

Simaanishi uende kesho asubuhi ukamsomee bosi sheria, utatoka bila kazi. Anza na mkataba, uombe kama mtu anayetaka kufungua akaunti au kuomba chuo, waajiri wengi hiyo hawaikatai. Uandikwe msaidizi wa chumba cha radiolojia, na majukumu yaandikwe: kupokea, kuandaa, kumbukumbu. Hiyo barua ndiyo itakayokulinda na ndiyo utakayoiambatanisha kwenye sivii. Ikishindikana kabisa ndipo kuna CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ila madai mengi yanatakiwa yafikishwe ndani ya siku 60 na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, usije ukakaa mwaka unalia ndio ukumbuke.

Halafu hayo matokeo yako mbona ni mazuri tu? Diploma ya radiografia wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo fizikia, kemia na baiolojia, kuanzia D. Wewe unayo. Hisabati na Kiingereza vinaongeza nguvu kama ni miongoni mwa hizo D mbili ulizozificha. Ni miaka mitatu, Muhimbili na Bugando ndiko wengi wetu tulikopita, na maombi ya diploma za afya yanapitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Nafasi za radiografia ni chache kuliko za uuguzi au utabibu, kwa hiyo omba dirisha likifunguliwa tu, usisubiri wiki ya mwisho. Mtu aliyeshakaa mwaka mzima kwenye chumba cha eksirei anaanza darasa akiwa mbele, wenzako wataonyeshwa kaseti kwa mara ya kwanza wewe umeibeba mpaka umechoka.

Kozi za miezi sita zinazokuahidi cheti cha msaidizi wa radiolojia, kabla hujatoa hela waulize vitu viwili, usajili wao NACTVET na kama MRIPC wanakitambua hicho cheti. Wakianza kuzunguka, ondoka. Cheti kisichosajilika hakikutoi kwenye mshahara ulionao, na hela hiyo ni ada ya muhula.

Na mawakala wa kukupeleka Uingereza, maana najua watakuja tu. Tanzania iko kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye uhaba wa watumishi wa afya, na kwa kanuni zao wenyewe Waingereza mawakala hawaruhusiwi kuja kuwinda watu huku. Mtu mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja, lakini awe mpiga picha anayeweza kusajiliwa kule, sio msaidizi. Kwa hiyo anayekuomba milioni mbili za "kuprosesi" nafasi ya msaidizi wa eksirei London anataka milioni mbili zako tu.

Kwa sasa kaa hapo hapo, fanya kazi yako ndani ya mipaka, weka akiba ya ada, na hiyo NSSF uifuatilie wiki hii. Ukipata mkataba na ukaona kuna kipengele hukielewi niandikie, ufunike jina la kituo, tuusome pamoja.